Jinsi ya Kuajiri Walinzi wa Mtaa kwa Fedha ya Ruzuku: Mwongozo kwa Mitaa ya Arusha na Moshi

Maswali ni yale yale. Mwenyekiti mpya wa mtaa anauliza, kijana wa kikundi anauliza, mama mwenye duka aliyeibiwa mara mbili anauliza: "Tumepata mfadhili. Tunaajirije polisi jamii?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja.

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya ulinzi kwenye mtaa mmoja upande wa Sombetini, Arusha. Tulipata ruzuku ya mwaka mmoja, tukaajiri walinzi wanane, na kwa miezi ile watu walilala. Wanawake wanaowahi mzigo soko la Kilombero walitoka saa 10 alfajiri bila kushika roho mkononi. Kisha ruzuku ikaisha. Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Meru imeshuka mpaka barabarani, wanne kati yao walikuja ofisi ya mtaa. Walikunja reflekta zao, wakazipanga juu ya benchi, kila moja na filimbi yake juu. Hakuna aliyegomba. Mmoja, mama wa watoto watatu, aliniuliza tu: "Kaka, na ile ya mwezi wa sita nayo haipo?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: idadi ya walinzi inapangwa kwa uwezo wa mtaa wenu mwezi wa 13, ruzuku ya mwaka ikishaisha, siyo kwa ukubwa wa ruzuku mwezi wa kwanza.

Kwanza tuelewane: huajiri polisi

Mtaa hauajiri polisi, na Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi nazo haziajiri. Jeshi la Polisi ni la taifa, na askari wake wanaajiriwa kitaifa. Wale Polisi Wasaidizi unaowaona kwenye baadhi ya taasisi kubwa wana utaratibu wao wa kisheria, na hauhusu mtaa.

Unachoweza kufanya ni kuajiri walinzi wa ulinzi shirikishi, wanaofanya kazi chini ya serikali ya mtaa na kwa maelekezo ya polisi. Utaratibu huu ulishika kasi kuanzia mwaka 2006, Inspekta Jenerali Said Mwema alipoanzisha Polisi Jamii, ingawa mizizi yake ni ya zamani zaidi, tangu sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji vya Usukumani, miaka ya 1980. Ukiandika kwenye andiko la mradi kwamba utaajiri "maofisa wa polisi", mfadhili makini atalirudisha, na OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) naye atataka kujua unaunda jeshi gani.

Huko Marekani ni tofauti. Miji ina polisi wake, na tangu mwaka 1994 serikali kuu imekuwa ikitoa ruzuku ya kuajiri askari wa polisi jamii kupitia ofisi iitwayo COPS. Nautaja mpango huo kwa sababu masharti yake yana akili ambayo sisi hatukuwa nayo. Serikali kuu hulipa hadi asilimia 75 ya mshahara wa kuanzia na marupurupu kwa miaka 3, mji hujazia angalau asilimia 25, na ruzuku ikiisha mji unatakiwa kumbakiza askari yule kazini kwa angalau miezi 12 kwa fedha yake. Mji unaanza kuchangia tangu mshahara wa kwanza, na unajua mapema ni lini utabaki peke yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa uliokubali mpango, pamoja na orodha ya mahudhurio yenye sahihi.
- Barua ya Mtendaji wa Mtaa iliyopitia kwa Mtendaji wa Kata.
- Maelewano na Polisi Kata (askari aliyepangiwa kata yenu) na mkuu wa kituo chenu, kwa maandishi.
- Chombo chenye usajili kitakachopokea fedha.
- Akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu wasio wa familia moja.
- Idadi ya kaya, maduka, baa, nyumba za kulala wageni na gereji za mtaa wenu. Hesabuni kwa miguu, msikisie.
- Daftari la matukio ya angalau miezi 3: nini kiliibwa, wapi, saa ngapi.

Hilo la mwisho wengi hulipuuza, nalo ndilo litakaloshawishi mfadhili kuliko maneno mengine yote. Sisi tulipoandika matukio yetu tuligundua mengi yalitokea kwenye kichochoro kimoja kisicho na taa, kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri, wakati walinzi wa kujitolea wameshakwenda kulala.

Hatua kwa hatua

1. Anza na Polisi Kata, siyo na mfadhili.

Nenda kituoni na mwenyekiti wako. Kaeni, mjieleze, mumuulize anaona tatizo la kata likoje. Mpeni daftari lenu la matukio alisome. Yeye ndiye atakayewafundisha walinzi na kupokea watuhumiwa wenu saa 8 usiku, na yeye ndiye atakayewatetea likitokea la kutokea. Ukimletea mradi uliokwisha sainiwa atausoma kama mgeni.

2. Itisheni mkutano mkuu wa mtaa.

Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kusema. Leteni maswali matatu tu: tunataka walinzi? Tuko tayari kuchangia kiasi gani kwa mwezi hata kama kuna mfadhili? Nani atashika fedha? Swali la pili litaleta kelele. Mzee mmoja kwetu alisimama akasema, "Mwenyekiti, mzungu analipa, sisi tunachangia nini tena?" Makofi yakapigwa, na sisi viongozi tukanyamaza kwa kuogopa kura. Pale ndipo tulipoharibu. Mjibuni hapo hapo: mfadhili analipa mwaka mmoja, mtaa unabaki.

Onyo: mchango uliokubaliwa mkutanoni bado ni wa hiari mpaka halmashauri iwe na sheria ndogo inayouhusu. Msimnyime mtu barua ya utambulisho au huduma yoyote ya ofisi kwa sababu hajalipa ulinzi. Ni kumwonea, na mkishtakiwa mtashindwa.

3. Tafuteni mpokeaji halali wa fedha.

Hapa wanaotoka vijijini huchanganyikiwa. Halmashauri ya kijiji ina hadhi ya kisheria ya kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Kwa hiyo njia ni tatu: kikundi cha kijamii kilichosajiliwa kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, asasi isiyo ya kiserikali iliyosajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, au akaunti ya halmashauri yenyewe. Kikundi ni chepesi kuanzisha lakini baadhi ya wafadhili hukiona kidogo. Akaunti ya halmashauri ni salama, ila fedha hutoka polepole, na mlinzi hawezi kula polepole. Mimi ningeshirikiana na asasi iliyokwisha kukaguliwa hesabu zake, kwa hati ya makubaliano inayosema wazi wao wanachukua asilimia ngapi ya uendeshaji.

Asasi ikipokea zaidi ya shilingi milioni 20, kuna taratibu za kuwasilisha mkataba wa ufadhili kwa Msajili na Hazina. Waulizeni kabla hamjasaini.

4. Andikeni andiko la mradi, kwa kurasa chache.

Ombeni kwa taasisi zinazotoa ruzuku kwa asasi za kiraia, kama Foundation for Civil Society, au balozi zenye mifuko midogo ya jamii, au kampuni za utalii na hoteli zilizo ndani ya kata yenu. Hoteli hulala vizuri mtaa unapolala vizuri, semeni hivyo bila aibu.

Onyo: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba. Siyo ruzuku. Doria haizalishi faida ya kurudisha mkopo. Nimeona kikundi kikikopa hivyo na kuishia kudaiwa kijana mmoja mmoja.

5. Pangeni bajeti kwa kuanzia mwisho.

Chukueni kalamu, tufanye wote. Tuseme mnataka kumlipa mlinzi 250,000 kwa mwezi. Kwanza mwulizeni Afisa Kazi kima cha chini cha sasa, kwa sababu hubadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Hiyo ni 12,500. Mchango wa mwajiri NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 10 ya jumla hiyo ya 262,500, ni 26,250. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, ni kama 1,300. Mlinzi mmoja sasa amefika karibu 290,000.

Wengi huandika 250,000 mara walinzi 8 mara miezi 12, wanapata milioni 24, wanafurahi. Hesabu halisi ni karibu milioni 27.8. Hiyo tofauti ya milioni 3.8 itawatokea puani mwezi wa 10.

Sasa mwezi wa 13. Tuseme mtaa una kaya 400, mmekubaliana 3,000 kwa kaya, na kwa ukweli asilimia 60 ndio watakaolipa: 720,000. Ongezeni biashara 30 kwa 10,000: 300,000. Jumla 1,020,000. Fedha hiyo inabeba walinzi watatu kwa 870,000, na kubakiza 150,000 kwa betri, daftari, na mtu wa kushika zamu mlinzi anapokwenda likizo yake ya siku 28.

Watatu. Siyo wanane. Najua inauma kuiandika namba hiyo wakati mfadhili yuko tayari kulipa wanane. Iandikeni hivyo hivyo. Na watatu wanatosha kuliko unavyodhani: wawili wakiwa lindo kila usiku kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, mmoja akipumzika, kila mtu anafanya kama saa 37 kwa wiki, chini ya kikomo cha saa 45. Wakazi wa kujitolea wanajazia kwa zamu.

Fedha inayobaki ya ruzuku itumieni kwa vitu vya mara moja: mafunzo, taa za sola kwenye vichochoro, makoti, redio za mawasiliano, kukarabati chumba cha lindo. Taa haidai mshahara.

6. Mwekeni mfadhili kwenye ngazi ya kushuka.

Miezi 3 ya kwanza ruzuku ilipe mishahara yote. Miezi 3 inayofuata asilimia 75, kisha 50, kisha 25. Michango ikusanywe tangu mwezi wa kwanza. Ile ya miezi 3 ya mwanzo isiguswe, ndiyo akiba yenu: kwa mfano wetu ni 3,060,000, mishahara ya walinzi watatu kwa zaidi ya miezi 3. Wafadhili wengi hupenda mpango huu kuliko ombi la kulipiwa kila kitu.

7. Tangazeni nafasi na mchuje hadharani.

Bandikeni tangazo ofisi ya mtaa, kijiweni, msikitini na kanisani. Wapeni kipaumbele waliopitia mgambo, Mshauri wa Mgambo wa wilaya anawafahamu. Kila mwombaji alete kitambulisho cha taifa, wadhamini wawili wanaoishi mtaani, na uthibitisho wa alama za vidole kutoka polisi. Majina yaliyopita yasomwe mkutanoni kabla ya kusaini mkataba. Kuna kijana mmoja kwetu alionekana safi kwenye karatasi zote, lakini jina lake liliposomwa mama mmoja alinyoosha mkono na kueleza alichomfanyia binti yake. Karatasi haikuwa na habari hiyo.

Ajirini angalau mwanamke mmoja. Mwanamke anayepigwa saa 7 usiku hatamfungulia mlango mwanaume mwenye rungu.

8. Saini mikataba, kisha mafunzo, kisha lindo.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti, utaje mshahara, saa za kazi, tarehe ya mwisho, na chanzo cha fedha. Msiite mshahara "posho" ili kukwepa NSSF. Mtu anayekwenda lindo kila usiku kwa ratiba yenu na kulipwa kila mwezi ni mwajiriwa, na akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mtaulizwa makato yake yako wapi.

Mafunzo yafanywe na polisi. Haya yasikosekane: raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna kupiga, hakuna kuvua nguo, hakuna kumlaza mtu ofisi ya mtaa mpaka asubuhi. Kesi za ukatili wa nyumbani na za watoto zinakwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, siyo kusuluhishwa na mlinzi barabarani. Namba 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na 116 ya simu kwa mtoto wazijue kwa kichwa.

9. Wapeni vifaa vinavyofanana na hali ya hapa.

Filimbi, tochi zenye betri za akiba, virungu, reflekta zenye jina la mtaa na namba ya mlinzi. Mabuti ya mvua kwa masika, kwa maana tope la Machi hadi Mei halina huruma. Koti zito kwa Juni na Julai. Tulinunua makoti mepesi ya bei nafuu, na kufikia katikati ya Juni walinzi walikuwa wanakaa kwenye moto wa mama lishe badala ya kuzunguka. Sikuweza kuwalaumu.

Onyo: sare isifanane na ya polisi wala ya jeshi, hata rangi. Silaha za moto hazimo kabisa.

10. Wekeni daftari la lindo na mlisome.

Kila zamu iandike saa ya kuingia, njia waliyopita, tukio, hatua iliyochukuliwa, saa ya kumkabidhi mtuhumiwa, jina la askari aliyempokea na namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa iliyoandikwa kituoni). Maandishi mafupi yanatosha: "Saa 9:20, kichochoro cha nyuma ya msikiti, vijana 3 na pikipiki bila namba, wamekimbia kuelekea mtoni, tumempigia Polisi Kata." Funikeni daftari kwa nailoni. La kwetu la kwanza liliharibiwa na mvua, na likaondoka na ushahidi wa kesi mbili.

11. Toeni hesabu kila mwezi.

Karatasi moja ukutani: tumepokea, tumetumia, tumebakiwa. Kila mchango na stakabadhi yake, hata wa shilingi 500. Siku mkiacha kubandika, michango hushuka mwezi unaofuata. Hiyo nimeishuhudia kwa macho.

Yakiwashinda: matatizo na namna ya kuyatatua

Michango imeshuka chini ya nusu. Msianze kwa kutisha. Pita nyumba kwa nyumba na mlinzi mwenyewe, mchana, watu wamwone uso. Wapangaji wengi hawalipi kwa kudhani mwenye nyumba analipa, na mwenye nyumba anadhani kinyume chake. Malizeni hilo kwanza.

Mlinzi anadaiwa kupokea hongo kwa wenye baa. Msimamisheni kwa maandishi huku mkilipa mshahara, msikilizeni, mwiteni Polisi Kata. Msimfukuze kwa maneno ya mdomo usiku huo huo.

Polisi hawaji mnapopiga simu. Andikeni saa ya simu na saa waliyofika, kwa mwezi mzima. Pelekeni karatasi hiyo kwa mkuu wa kituo kwa heshima, na nakala kwa diwani. Malalamiko yenye saa na tarehe husikilizwa, yale ya "hamjagi kamwe" huzua ugomvi tu.

Walinzi wamempiga mtuhumiwa. Mpelekeni hospitali, chukueni PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), toeni taarifa polisi ninyi wenyewe kabla hamjatolewa taarifa. Kumficha mlinzi kutaua mradi wote.

Mlinzi ameumia lindoni. Mpelekeni atibiwe, kisha mpeleke taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi mapema. Kama hamkumsajili, gharama ni zenu.

Diwani au mgombea anataka walinzi wavae fulana za chama chake. Wakatalieni wote kwa sababu moja: mkutano mkuu uliajiri walinzi wa wakazi wote.

Mfadhili amechelewesha awamu au amekata kabla ya muda. Waambieni walinzi siku hiyo hiyo, kwa barua, kila mmoja mkononi mwake. Fungueni akiba. Lipeni kwanza siku walizokwisha kufanya kazi, kabla ya kununua hata betri moja. Kisha itisheni mkutano, muonyeshe hesabu, wakazi waamue wanabaki na walinzi wangapi kuanzia tarehe moja ya mwezi unaofuata.